Mama Gundi na Samaki wa Ukurasa wa Mwisho

Ukitaka kujua watoto wanapenda kitabu gani, usihangaike kumuuliza mwalimu. Tafuta kilichochakaa kuliko vyote. Kitabu kisichopendwa huzeeka na jalada lake likimetameta kama kiatu cha harusi. Kinachopendwa hutafunwa pembe, humwagiwa chai, hulaliwa, huvutwa na watoto wawili kila mmoja akidai ni zamu yake, mpaka siku moja mgongo unaachia na kurasa zinamwagika chini.

Hapo ndipo kinapopelekwa kwa Mama Gundi.

Alikuwa na chumba chake nyuma ya maktaba, na kwa miaka thelathini na mmoja hakuwahi kuhamishwa, kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyekitaka. Meza yake ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya makreti, na tundu la kitasa lilikuwa bado lipo, akalifanya pipa la vipande vya uzi. Alikuwa na sufuria ndogo ya gundi aliyoipika mwenyewe kwa unga wa ngano, mbao mbili zenye skrubu za kubania vitabu, kipande cha mshumaa cha kupakia uzi nta usikatike, na kijiko cha bati ambacho katika maisha yake yote hakijawahi kukutana na chakula. Mgongo wa kijiko hicho ndio uliokuwa ukilainisha mikunjo ya karatasi. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa kwenye orodha ya mishahara tu. Mjini kote alikuwa Mama Gundi, na ukipita karibu naye ulijua kwa nini, maana alinukia kama mkate ambao bado haujaamua kuiva.

Shule aliishia darasa la nne. Alisoma polepole, midomo ikitangulia macho. Lakini kitabu alichokishona hakikurudi kushonwa tena. Hilo ndilo lilikuwa jambo lake la kujivunia, na hakulisema. Alisubiri wengine waseme, kisha akajifanya hakusikia.

Nyumbani aliishi na binti yake wa pekee, aliyefanya kazi ya kufua mashuka hospitalini na kuondoka kabla jua halijachomoza, na mtoto wa binti huyo, msichana wa miaka mitano. Mtoto huyu walimwita Chiriku, na ndege mwenyewe angeweza kulalamika kwamba amezidiwa. Aliongea akila, aliongea akivishwa nguo, na mara moja aliwahi kuongea akiwa na kipimajoto mdomoni, muuguzi akaambiwa asubiri. Kila asubuhi Bibi ndiye aliyempeleka shule ya chekechea, ukuta kwa ukuta na maktaba, na kila mchana ndiye aliyemchukua. Njia nzima Mama Gundi hakuhitajika kusema zaidi ya "eeh" na "kumbe."

Basi, muhula ule Chiriku alipoanza, mwalimu wa chekechea aliingia chumba cha nyuma akiwa na mfuko wa nailoni. Ndani mlikuwa na kitabu cha picha, au tuseme kilichokuwa kitabu. Kurasa kumi na mbili nene zilikuwa zimeachana kabisa. Mwalimu alieleza kwamba kilikaa kabatini mwaka mzima, kwamba watoto waliotangulia walikipenda mpaka wakakimaliza, na kwamba ni kitabu cha ukoo wetu sote. Alikuwa na haraka. Kesho yake alikuwa anakwenda kwenye mafunzo ya wiki mbili. Akaondoka.

Mama Gundi akazitandaza kurasa juu ya mlango wake. Kazi ya kwanza ya mshonaji ni kujua nani anamfuata nani, na kwa kawaida namba humwambia. Hapa namba zilikuwa zimeandikwa kwenye pembe ya chini, palepale watoto wanaposhika kufunua, na pembe zote kumi na mbili zilikuwa zimekwisha kwa mate na meno. Akageukia maneno. Kila ukurasa ulikuwa na mstari mmoja tu, na mstari ulikuwa uleule: *Watoto wake walifanana naye, isipokuwa kidogo tu.* Akausoma mara kumi na mbili, midomo ikitangulia, na mara ya kumi na mbili hakuwa na akili zaidi ya mara ya kwanza.

Zikabaki picha. Kulikuwa na bibi kizee aliyempakata mjukuu. Kulikuwa na mtu mwenye nywele mwili mzima, ameinama kidogo. Kulikuwa na wa mtini, mwenye mkia. Na kanyama kadogo ka manyoya, pua mbele kama panya anayenusa habari. Na wa magamba kama mjusi. Na mmoja aliyelowa, anayejikokota matopeni kwa miguu minne mifupi. Na samaki wa mapezi manene. Na samaki mtupu, na wengine wa katikati yao. Mama Gundi hakushangaa. Vitabu vya watoto alishavishona vingi, vyenye sungura waliovaa suruali na tembo waliokwenda posta. Jicho lake la kazi likamwongoza: kila picha akailaza karibu na ile inayofanana nayo zaidi, mpaka zikajipanga zenyewe mstari mmoja mzuri, bibi upande huu, samaki upande ule.

Swali lilikuwa moja tu: tuanzie wapi? Na hilo kwake halikuwa swali. Mwalimu amesema ni kitabu cha ukoo. Katika ukoo, mkubwa hutangulia. Mkubwa ndiye anayeamkiwa kwanza, ndiye anayenawishwa kwanza, na kwenye picha ya familia ndiye anayeketi katikati mbele, wadogo wakijipanga nyuma na paka akikimbia pembeni. Akamweka bibi ukurasa wa kwanza. Samaki akamweka mwisho. Akatoboa, akashona, akapaka gundi, akabana kwa skrubu siku mbili, akakipeleka shule mwenyewe, na siku hiyo alitembea kidogo kwa maringo.

Mwalimu wa muda, binti mdogo mchangamfu, alikipokea kwa mikono miwili. Akawakalisha watoto kwenye mkeka, akawasomea kama kilivyoshonwa.

Wiki ile Chiriku akanyamaza.

Mwanzoni Bibi alidhani ni koo. Akamkorogea asali. Koo halikuwa na kosa. Mtoto alikula, alicheza, lakini njiani alitembea kimya huku amemshika Bibi mkono kwa mikono yake miwili, kama mtu anayezuia mzigo usidondoke. Halafu yakaanza mambo mengine. Asubuhi Mama Gundi aliamka akakuta anahesabiwa vidole. Jioni, ameketi anamenya viazi, akahisi mkono mdogo unapapasa nyuma ya masikio yake, taratibu, unatafuta kitu. Siku nyingine mtoto akaleta mkasi na kuomba kukata zile nywele mbili za kidevuni.

Zile nywele mbili zilikuwa na historia yake. Zilikuwa zimeota mwaka ambao mumewe alifariki, na Mama Gundi alipenda kusema marehemu amemwachia ndevu kwa kuwa hakuwa na shamba. Akacheka, akanyoosha kidevu, akakatwa. Mtoto hakucheka. Alizitazama zile nywele kiganjani mwake kama mtu aliyepewa barua mbaya.

"Zitaota tena?" akauliza.

"Zitaota. Hizo haziogopi mkasi."

Chiriku akaenda akajifunika shuka.

Binti wa Mama Gundi alisema mtoto anakua tu, kila mmoja ana wiki zake. Lakini bibi aliyelea hadanganyiki kirahisi hivyo. Ukimya wa mtoto mwongeaji ni kama ukimya wa mashine: unajua kuna kitu kimekwama ndani, na ukisubiri kitavunjika. Mama Gundi alikuwa akilala akijiuliza amemfanyia nini huyu mtoto.

Jumamosi alasiri alitaka kuoga. Maji alishayachemsha. Beseni halikuwepo bafuni, halikuwepo uani, halikuwepo chini ya kitanda. Akamkuta Chiriku nyuma ya nyumba, beseni limefunikwa kifudifudi, na yeye amelikalia juu.

"Mke mwenzangu," Mama Gundi akasema, maana alipotaka kumchekesha ndivyo alivyomwita, "hilo ni beseni langu au ni kiti chako?"

Chiriku hakuinuka.

"Nataka kuoga, mama. Nimenuka gundi wiki nzima."

"Usioge, Bibi."

"Nisioge mpaka lini?"

"Jifute na kitambaa. Kitambaa kidogo tu." Akalishika beseni kwa nguvu. "Ukiingia kwenye maji hutatoka."

Mama Gundi akakaa chini, palepale kwenye saruji, na magoti yake yakalalamika kwa sauti. Akauliza nani amemwambia maneno hayo.

"Kitabu."

"Kitabu kipi?"

"Ulichokishona wewe."

Halafu yakatoka yote, wiki nzima kwa pumzi moja, na ilikuwa kama bomba lililozibuka. Kwamba kitabu kinaanza na bibi. Kwamba ukifunua, bibi ameota manyoya na ameinama. Ukifunua tena, yuko mtini. Halafu anakuwa mdogo, halafu anaota magamba, halafu anatambaa, halafu anaingia majini na hatoki, kitabu kinaisha. Na mwalimu wa muda alisema sote tunabadilika, kidogo kidogo, hata hatuoni.

"Ndevu umeshaota," Chiriku akasema. "Mgongo umeshapinda. Mama alisema juzi, mgongo wako umepinda." Akashusha macho kwenye miguu ya bibi yake, kwenye visigino vilivyokauka na kupasuka magaga, na sauti ikawa ndogo kabisa. "Na magamba yameanza."

Kicheko kilimpanda Mama Gundi mpaka kooni. Kikauona uso wa mtoto, kikarudi kilikotoka. Akamvuta mapajani, akamkumbatia, na katika kumkumbatia akajiona yuko vilevile kama kwenye ukurasa wa kwanza, bibi kizee amempakata mjukuu, mgongo umepinda. Mkono uliokipanga kitabu kile ulikuwa huu huu uliokuwa ukimpigapiga mtoto mgongoni.

Hakubishana naye. Mtoto mwenye hofu ukimwambia hofu yake ni upuuzi, unamwachia hofu na unamwongezea upweke. Siku ile alijifuta kwa kitambaa. Jumapili pia. Binti yake akamwambia, mama, huyu mtoto anakuendesha. Mama Gundi akajibu, "Acha aniendeshe. Barabara yenyewe nimeitengeneza mimi."

Jumatatu, kabla kengele haijalia, alikuwa mlangoni kwa mwalimu aliyerudi kutoka mafunzoni. Akaomba kukiona kitabu. Mwalimu akakifunua, akaona ukurasa wa kwanza, akafunua hadi wa mwisho, na akaangua kicheko. Mama Gundi hakucheka. Akamweleza habari za beseni. Mwalimu akafunga kitabu na kukiweka kifuani.

"Mama," akasema, "ulikipangaje?"

Mama Gundi akasema ukweli, macho kwenye sakafu, kama mtoto aliyemwaga maziwa. Kwamba namba hazikuwepo. Kwamba yeye si msomi. Kwamba aliambiwa ni kitabu cha ukoo, akaweka mkubwa mbele.

Mwalimu akakaa kwenye kimoja cha vile viti vidogo, magoti karibu na kidevu, akamwonyesha Mama Gundi kingine. Wakaonekana wote wawili kama watu walionyeshewa mvua, nguo zikawabana.

"Hukukosea kanuni," mwalimu akasema. "Mkubwa hutangulia. Ila hukuambiwa mkubwa ni nani."

Akakigeuza kitabu, akaanzia nyuma. Huyu samaki, akaeleza, ndiye wa kale kuliko wote hapa. Alizaa watoto, nao wakafanana naye, isipokuwa kidogo tu. Mmoja mapezi yake yalikuwa manene chembe kuliko ya nduguze. Dimbwi lilipopungua maji, mwenye mapezi manene alijisukuma akalifikia jingine, akaishi, akazaa, na watoto wake wakarithi mapezi yale. Wengine hawakufika. Hakuna aliyejigeuza. Hakuna mama aliyelala samaki akaamka mjusi. Kila mmoja alikufa vile alivyozaliwa, na kila mtoto alifanana na mama yake. Ila ukiwapanga wengi mno, wa mwanzo na wa mwisho hawatambuani tena njiani.

Mama Gundi alisikiliza kwa utaratibu wake, midomo ikitembea. Akataka kujua ni wangapi.

Mwalimu akasema hebu tuhesabu. Kuna mtoto, kuna mjukuu, kuna kitukuu, kuna kilembwe, kuna kining'ina. Baada ya hapo lugha yenyewe inakaa chini kupumzika. Basi kati ya ukurasa mmoja na mwingine humu, wamepita vining'ina wa vining'ina, mpaka ukichoka kutaja hujafika hata robo.

Mama Gundi akamtazama samaki kwa muda mrefu. Alikuwa amemshika mikononi, amempaka gundi, amemlaza mwisho kabisa mahali pa paka.

"Na mimi sikumwamkia," akasema.

Mchana ule hakwenda nyumbani. Alimchukua Chiriku mpaka chumba cha nyuma, akampandisha juu ya kreti, akaweka kitabu kati yao. Mtoto akarudi nyuma alipokiona. Mama Gundi akachukua wembe.

Sasa, mtu asiyeshona hawezi kujua ni jambo gani kukata uzi wako mwenyewe. Fundi hukata mishono ya wengine kila siku na kusengenya kidogo. Wa kwako unaukata kwa kujificha. Yeye alikata mbele ya mtu ambaye maoni yake aliyajali kuliko ya mkuu wa maktaba, na akasema wazi, "Bibi alikosea. Nilikishona kinyume. Sikukijua, na sikuuliza."

Chiriku akatazama uzi unavyokatika, fundo baada ya fundo. "Wewe hukosei," akasema kwa mashaka.

"Nimekosea. Sasa nisaidie. Mimi namba sizioni. Tafuta nani ni mama wa nani."

Kurasa zikatandazwa juu ya mlango. Bibi akaeleza kama alivyoelezwa, kwa maneno yake, na pale alipokwama alisema hapa nimekwama, kesho tumuulize mwalimu. Mtoto akaanza kwa kidole kimoja. Akamchukua samaki, akamweka mwanzo. Akatafuta anayefanana naye, isipokuwa kidogo tu. Huyu wa mapezi manene. Halafu huyu aliyelowa. Alipofika kwa kanyama ka manyoya, ulimi ulikuwa umeshafunguka: kwamba hako kana pua kama ya yule mlinzi wa maktaba, kwamba mama yake alikuwa na magamba lakini kenyewe kanasikia baridi, ndiyo maana kana manyoya, kwamba huyu wa mtini atadondoka asiposhika vizuri. Mama Gundi akasema "eeh." Akasema "kumbe." Machozi yakamlenga, akasingizia mvuke wa gundi.

Ukabaki ukurasa mmoja. Chiriku akaushika kwa muda, yule bibi na mjukuu wake, kisha akauweka mwisho.

"Baada ya hapa hakuna kitu?" akauliza.

"Kuna karatasi nyeupe. Kila kitabu naweka moja nyuma."

"Ya nani?"

"Ya watoto wako, na wa kwao, na wa kwao. Hao hatuwajui sura."

Mtoto akafikiri. Halafu akauliza kile alichokuwa amekibeba wiki nzima, na akakiuliza bila kumtazama bibi yake, akimtazama yule wa kwenye picha. "Kwa hiyo wewe hugeuki?"

"Mimi nitakuwa hivihivi. Nitazeeka zaidi. Mgongo utapinda, ndevu zitaota, na visigino hivi vinahitaji mafuta tu. Lakini hata siku ya mwisho nitakuwa bibi yako, mtu mzima, na kidevu changu."

Chiriku akaitikia kwa kichwa. Akaomba sindano. Akapewa uzi, akaupitisha juu ya mshumaa mara tatu kama alivyoona ukifanywa, na tundu la kwanza akalishona yeye. Mshono ule ulikuwa umelegea na umekwenda upande. Mama Gundi, ambaye angemrudisha fundi yeyote kwa mshono kama ule, aliuacha.

Jioni alipofika nyumbani alivua viatu, akaketi kidogo kupumzisha magoti. Akasikia maji. Chiriku alikuwa anatoka jikoni na kikombe, anakwenda bafuni, anamimina, anarudi, nusu ya maji ikibaki sakafuni. Beseni lilikuwa mahali pake. Ilimchukua vikombe vingi mno, na njia nzima aliongea.

Ingeishia hapo kama si Ijumaa yake, walipopita kwa muuza samaki. Samaki walikuwa wamepangwa juu ya barafu, macho wazi. Chiriku akasimama, akakunja mikono kwa adabu.

"Shikamoo," akamwambia mmoja mkubwa.

Muuza samaki akadhani ni yeye. "Marahaba, binti."

"Siyo wewe."

Mama Gundi akamvuta pembeni, akamnong'oneza yale aliyokuwa ameyauliza kwa mwalimu siku iliyotangulia, maana siku hizi alikuwa anauliza. Kwamba yule wa kwenye kitabu alikufa zamani sana. Hawa wa leo ni wa tawi jingine. Nao wamezaliwa na wamebadilika kwa miaka ileile kama sisi. Si bibi zetu. Ni binamu, na binamu wa rika lako hapewi shikamoo.

Chiriku akarudi kwenye barafu.

"Hujambo," akasema.

Siku hiyo hawakununua samaki. Walikula mayai, na hata hayo hayakuliwa mpaka Chiriku alipoambiwa kuku ni nani kwao.